Sun Lutang: Kijana aliyeambiwa asimame tu

Wengi wetu kung fu tumeijua kupitia filamu. Jamaa anaruka ukuta, anawaangusha maadui ishirini peke yake, na mwisho wa vita shati lake halijapoteza hata kifungo kimoja. Raha kutazama, lakini leo tuziweke filamu kando kidogo.

Nataka tumzungumzie mtu ambaye somo lake la kwanza la maana halikuwa teke wala ngumi. Aliambiwa asimame. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mkono mmoja umenyooshwa, mwingine kitovuni. Asimame hivyo leo, kesho, kesho kutwa, na asiulize kinachofuata ni nini. Mtu huyo aliitwa Sun Lutang, na hadi leo ukitaja mabingwa wa sanaa za kujihami za Uchina zile zinazoitwa za ndani, jina lake halikosi.

Za ndani ndio zipi? Kwa kifupi, ni mitindo mitatu mikubwa: Xingyi, ambayo hutamkwa shing-yi, Bagua, na Taichi ambayo huenda umeona wazee wakiifanya polepole bustanini. Huitwa za ndani kwa sababu mwanafunzi haanzi na misuli. Anaanza na mkao wa mwili, pumzi na utulivu wa akili, na nguvu inatarajiwa kuja baadaye kutoka huko. Sun aliijua yote mitatu, na kila mmoja ulimjia kwa njia yake.

Utoto wa dhiki

Alizaliwa mwaka wa 1860 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Wan, karibu na mji wa Baoding, kaskazini mwa Uchina. Leo eneo hilo liko katika mkoa wa Hebei. Jina lake la kwanza lilikuwa Sun Fuquan. Lutang ni jina la ukubwani, kwani desturi ya zama hizo ilikuwa mtu akikomaa apewe jina jingine la heshima, na hilo la pili ndilo lililovuma.

Baba yake alikuwa mkulima wa hali ya chini aliyetamani mwanawe ajue kusoma. Akampeleka kwa mwalimu, na mtoto akaonekana ana kichwa chepesi. Lakini karo haikudumu. Pesa zilikata, masomo yakakatika, na kabla mtoto hajapata akili za utu uzima baba akafariki. Akabaki mama na mwana, na njaa mlangoni.

Simulizi za familia zinasema Sun mdogo alichukuliwa kufanya kazi kwa tajiri mmoja wa kijijini. Kibarua cha kufagia, kulisha mifugo, kutumwa huku na kule, na kipigo kikiwa sehemu ya mshahara. Ndipo alipokutana na mzee mmoja aliyekuwa akifunza vijana mapigano, akaomba naye afunzwe. Sababu yake haikuwa ya kifalsafa hata kidogo. Alichoka kupigwa.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, mambo yalimzidi. Ilikuwa majira ya sikukuu ya mwaka mpya, majirani wanapika na kuvaa nguo mpya, kwao hakuna kitu. Kijana akajiona mzigo kwa mamake, akajaribu kujitoa uhai. Wapita njia wakamwahi, wakamrudisha nyumbani akiwa hai na kumpa mama pesa kidogo za kununua chakula.

Majina ya wapita njia hao hayakumbukwi. Lakini vitabu vyote atakavyoandika Sun, na maelfu watakaofunzwa kwa njia yake, vilikuwa mikononi mwao siku ile. Kwa hivyo kama wewe unayesoma hapa umefika pahali kama pale alipofika Sun, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu. Wapita njia wapo.

Mwaka wa kusimama

Baadaye mama na mwana walihamia Baoding, ambako jamaa yao alimtafutia Sun kazi katika duka la brashi za kuandikia. Mji ulikuwa na watu wa kila aina, na humo ndimo alimopata mwalimu wake wa kwanza wa Xingyi, Li Kuiyuan. Mwalimu huyu alikuwa na elimu ya vitabu pia, hivyo Sun akarudi kwenye kalamu na ngumi kwa wakati mmoja.

Hapo sasa ndipo kusimama kulipoanza. Msimamo wenyewe unaitwa Santi, yaani miili mitatu, na maana yake ni mbingu, ardhi na binadamu aliye katikati. Ukiutazama unauona rahisi. Mguu wa mbele unaelekea mbele moja kwa moja, wa nyuma umegeuzwa upande kidogo. Magoti yote mawili yamekunjwa, na sehemu kubwa ya uzito iko kwenye mguu wa nyuma. Mkono wa mbele umenyooka bila kukazwa, kiganja wazi, na wa nyuma umetulia karibu na kitovu. Mabega yanashushwa, viwiko vinashushwa, ncha ya ulimi inagusa kaakaa, pumzi inapita puani bila kulazimishwa. Ncha ya pua, ncha ya kidole cha mbele na ncha ya mguu wa mbele zinakaa katika mstari mmoja.

Rahisi, sivyo? Hebu jaribu dakika tano. Dakika ya kwanza unajiona bingwa. Ya pili paja la nyuma linaanza kuwaka moto. Ya tatu mabega yamepanda hadi masikioni na wewe mwenyewe hujajua. Ya nne umekumbuka kwamba kuna ujumbe kwenye simu hujaujibu. Hapo ndipo somo lilipo. Msimamo ule unakuonyesha kila kitu kilicho kombo ndani yako: bega linalojikaza bure, pumzi inayokatika ukiona ugumu, akili inayokimbia kama mbuzi aliyekata kamba.

Inasimuliwa kwamba Li alimwacha Sun katika Santi kwa muda wa mwaka mzima kabla ya kumfunza pigo lolote. Kisha siku moja mwalimu akamjia kwa nyuma bila kumwonya, akampiga kwa nguvu mgongoni. Kijana hakutikisika. Basi, mwalimu akaridhika kwamba mti umeshika mizizi, na mafunzo ya kupiga yakaanza.

Na hata hayo hayakuwa mengi. Xingyi ina ngumi tano za msingi: ya kupasua, ya kutoboa, ya kusukuma moja kwa moja, ya kulipuka na ya kukingama. Kila moja imeoanishwa na kitu kimoja katika hesabu ya Kichina ya vitu vitano: metali, maji, mti, moto na udongo. Zote zinatoka kwenye Santi na kurudi kwenye Santi. Ukiwa na msimamo mbovu, basi una ngumi tano mbovu. Kwa hivyo ule mwaka wa kusimama haukuwa adhabu wala mzaha wa mwalimu.

Mwalimu wa mwalimu

Li alipoona kijana amefika pale ambapo yeye hangeweza kumwongeza zaidi, alifanya jambo ambalo walimu wengi hulionea uchungu. Alimpeleka kwa mwalimu wake mwenyewe, Guo Yunshen.

Guo alikuwa jina kubwa kaskazini nzima. Sifa yake ilikuwa ngumi moja tu, ile ya kusukuma moja kwa moja, aliyoipiga akiwa amesogea nusu hatua. Husimuliwa kwamba alifungwa jela kwa kosa la kuua, na kwa sababu minyororo haikumruhusu kupiga hatua nzima, alifanya mazoezi ya nusu hatua hadi ikawa silaha yake. Hadithi kama hizi huongezewa chumvi kila zinapopita mdomo mpya, lakini zinatuambia watu walichokithamini: mtu aliyejua kitu kimoja hadi mwisho wake.

Sun alifuatana na Guo kwa miaka. Wanasema mzee akisafiri kwa farasi, kijana alikimbia nyuma ameshika mkia wa farasi asiachwe. Pengine ni kweli, pengine ni utani wa wanafunzi. Ila wepesi wake ulijulikana, hata akabandikwa jina la utani la Tumbili Hai.

Fundi wa miwani

Ungedhani ametosheka. Lakini wapi! Akiwa tayari anaheshimika katika Xingyi, Sun alifunga safari hadi Beijing kutafuta mtu aliyeitwa Cheng Tinghua. Bwana huyu alikuwa na duka la miwani, na wateja wake wengi huenda hawakujua kwamba anayewauzia miwani ni mmoja wa mabingwa wa Bagua. Kabla ya hapo alikuwa mcheza mieleka. Bagua aliipata kutoka kwa Dong Haichuan, mtu ambaye ndiye aliyeutangaza mtindo huo Beijing.

Bagua inaanza kwa kutembea. Unachora duara ardhini, unatembea juu ya mstari wake, kiwiliwili kimegeukia katikati, mguu unateleza chini kana kwamba unapita kwenye tope. Unazunguka, unabadili viganja, unageuka, unazunguka tena. Kwa mtu aliyezoea kupiga mbele kama mshale, huku ni kujifunza lugha mpya. Sun akaanza tena chini kabisa: siku nzima mduara, kizunguzungu, jasho.

Baadaye alikuwa akiilinganisha mitindo hii kwa mfano wa mipira. Xingyi ni kama mpira wa chuma, Bagua kama mpira uliosukwa kwa waya wenye springi, na Taichi kama mpira uliojazwa hewa. Yote ni mviringo, yote ina kitovu kimoja. Kinachotofautiana ni namna kila mmoja unavyolipokea pigo.

Ngumi na bunduki

Kisha ukaja mwaka wa 1900. Uchina ilikuwa imelemewa na mataifa ya kigeni, na maelfu ya vijana wa mashambani walijiunga na vuguvugu la Yihetuan, ambalo Wazungu waliliita la Mabondia. Wengi waliamini kwamba mazoezi na matambiko yangezuia risasi zisiingie mwilini. Hazikuzuiwa. Mwezi wa Agosti majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing, na mauaji na uporaji ukafuata.

Cheng Tinghua, fundi wa miwani, alikufa katika msukosuko huo mikononi mwa askari wa kigeni. Namna alivyokutana nao husimuliwa kwa njia mbalimbali, lakini zote huishia kwenye risasi.

Fikiria hapo ungekuwa wewe. Umetoa ujana wako wote kwa sanaa ya ngumi. Mwalimu wako, mmoja wa watu hodari zaidi uliowahi kuwaona, ameangushwa na askari ambaye labda hakuwahi kufanya mazoezi yoyote zaidi ya kulenga na kufyatua. Baada ya mwaka huo, Wachina wengi wasomi waliiona sanaa ya kujihami kama ushamba na ushirikina uliowaletea aibu. Swali lilikuwa wazi: ngumi ina kazi gani tena katika dunia ya bunduki?

Sun hakuitupa sanaa yake, na hakujidanganya kwamba itazuia risasi. Jibu lake alilitoa polepole, kwa miaka mingi, na lilikuwa hili: mazoezi haya yana kazi ya kujenga afya na tabia kabla ya kuwa ya kupigana. Mtu anayejifunza kusimama wima, kupumua vizuri na kuitawala hasira yake amepata kitu ambacho bunduki haiwezi kumpa.

Mgonjwa asiyemjua

Utawala wa wafalme ulianguka mwaka wa 1912, Uchina ikawa jamhuri. Katika miaka hiyo ya mwanzo, mzee mmoja aliyeitwa Hao Weizhen alifika Beijing kuwatembelea marafiki. Alikuwa bingwa wa Taichi kutoka wilaya ya Yongnian, lakini Beijing alikuwa mgeni asiye na watu wengi. Punde akashikwa na ugonjwa mkali wa kuhara damu.

Sun alikuwa ndiyo kwanza ametambulishwa kwake. Hawakuwa ndugu, hawakuwa marafiki wa zamani. Hata hivyo alimtafutia daktari, akamnunulia dawa na kumhudumia asubuhi na jioni kwa zaidi ya mwezi mmoja hadi akapona. Mzee Hao hakuelewa. Hakuwa na deni kwa mtu huyu wala mtu huyu kwake. Aliporejewa na nguvu alitaka kumlipa, na kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho kilikuwa Taichi. Akamfunza.

Hapo Sun alikuwa amepita umri wa miaka hamsini. Alikuwa na wanafunzi wake mwenyewe na jina linalotisha. Angeweza kusema tayari anajua. Badala yake akawa mwanafunzi wa darasa la kwanza kwa mara ya tatu.

Kutokana na yote aliyoyakusanya, akaunda mtindo wa Taichi unaobeba jina la familia yake. Ukiuona utautambua: misimamo ni ya juu, haushuki sana, na kila mguu mmoja unaposogea, wa pili unaufuata papo hapo. Kila inapofika zamu ya kubadili mwelekeo, viganja viwili vinafunguka na kufungana mbele ya kifua kama vinavyopumua. Kwa sababu hauumizi magoti, mwaka wa 1997 Paul Lam, daktari nchini Australia, aliutumia kama msingi wa programu ya mazoezi kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na imesambaa nchi nyingi.

Siri zikawa vitabu

Zama hizo walimu wengi walificha maarifa yao. Mwanafunzi alipiga magoti, akahudumu kwa miaka, na huenda asiambiwe yote. Sun alifanya kinyume. Mwaka wa 1915 alichapisha kitabu kuhusu Xingyi, mwaka uliofuata cha Bagua, na mwaka wa 1921 cha Taichi. Ndani aliweka picha zake mwenyewe akiwa katika kila mkao, na maelezo ya hatua kwa hatua kuanzia ule msimamo wa kwanza. Yule mtoto aliyekatishwa masomo kwa kukosa karo sasa alikuwa mwandishi, na mtu yeyote mwenye pesa ya kitabu angeweza kujifunza alichokisotea yeye.

Alialikwa hadi ikulu. Xu Shichang alipokuwa rais kuanzia 1918, Sun alipewa nafasi huko. Mwaka wa 1928 serikali ilipofungua Taasisi Kuu ya sanaa za kujihami mjini Nanjing, aliitwa kuongoza idara ya mitindo ya ndani, kisha akahamia taasisi ya mkoa wa Jiangsu. Kuna hadithi nyingi za wageni waliokuja kumpa changamoto na kurudi wakichechemea. Zisome kwa raha yako, ila ujue wanafunzi huwapenda walimu wao na chumvi huwa haiishi jikoni.

Lenye uzito zaidi, kwangu, ni kwamba hakuwafunza wanawe wa kiume peke yao. Bintiye Sun Jianyun, aliyezaliwa 1914, alijifunza mitindo yote mitatu wakati ambapo wasichana wengi hawakufikiriwa kabisa katika mambo hayo. Ndiye aliyeubeba mtindo wa babake kupitia vita na misukosuko ya karne nzima, akiufunza mjini Beijing hadi alipofariki mwaka wa 2003. Leo mtindo wa Sun unahesabiwa miongoni mwa familia tano kubwa za Taichi, na mwaka wa 2020 UNESCO iliiweka Taichi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Sun mwenyewe, Wajapani walipoivamia Manchuria mwaka wa 1931, alirudi kaskazini, na mwishowe kijijini alikozaliwa. Huko alifariki Desemba 1933. Wafuasi wake husema aliitabiri siku yake na kuingoja akiwa ameketi kwa utulivu. Liwe kweli au lisiwe, ni mwisho unaofanana naye.

Kusimama kwanza

Katika maandishi yake ya baadaye, Sun alifikia hatua ya kusema kwamba hata huu mgawanyo wa sanaa za ndani na za nje hauna uzito mkubwa. Mtu akifanya mazoezi kwa usahihi, nguvu na utulivu vitakutana tu. Ni neno zito likitoka kwa mtu ambaye dunia ilimjua kama nguzo ya sanaa za ndani.

Vijana tunaishi wakati wa haraka. Video ya sekunde thelathini inakuahidi mwili mpya kwa wiki mbili, lugha mpya kwa mwezi, utajiri kabla ya Krismasi. Ukijaribu ukashindwa unadhani tatizo ni wewe. Labda hukupewa tu nafasi ya kusimama. Sun alipewa mwaka mzima, na kila alipobadili njia alirudi mwanzo bila kuona haya, akiwa na umri wa miaka kumi na tano au hamsini na kitu.

Kwa hivyo ukitaka kuonja kidogo alichokianza yeye, huhitaji jimu wala mavazi ya filamu. Tafuta nafasi ya mita moja. Mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, mabega chini, pumzi puani. Dakika mbili leo. Kesho ongeza moja. Goti likiuma pumzika, na ukipata mwalimu mzuri mfuate, kwa sababu kosa la msingi hulioni mwenyewe. Na ukichoka kusimama ukataka kujua kinachofuata ni nini, basi mkumbuke yule mfanyakazi wa duka la brashi mjini Baoding. Naye alitaka kujua.